Kilo za mama si cheti cha bwana

Kila asubuhi kwenye milima ya Kadutu, mujini Bukavu, wanamama wanapanda na makala, muhogo ao muchanga mugongoni, kamba ikikaza kwenye paji la uso. Miguu yao ni myembamba, na shingo imekauka. Mbele ya duka za chini, mama mwingine anakaa kwenye kiti tangu saa mbili mpaka jioni. Akirudi nyumbani anapanda moto. Wote wawili ni wa muji mumoja, na pengine wa umri mumoja, lakini kilo zao zinaweza kuachana sana.

Mutaa unasoma kilo hizo kwa haraka. Musichana akiolewa na akanenepa, wanasema bwana anamuchunga muzuri. Akikonda, wakwe wanapokea lawama, na wengine wanaanza kunongona juu ya SIDA. Bwana mwenyewe hapimwi hivyo: akikonda, ni kazi, akiota tumbo, ni mukubwa. Ni mwili wa mwanamuke ndio unabebeshwa jina la nyumba. Kwa hiyo mama ambaye munganga amemuomba apunguze kilo anaogopa majirani kuliko ugonjwa.

Hesabu ya Shirika la Afya Duniani haiangalie ndoa. Inagawanya kilo kwa urefu, mara mbili. Kwa mutu muzima wa metre 1,60, chini ya kilo 47 amekonda kupita; kuanzia kilo 64 uzito umezidi; kuanzia kilo 77 ni unene wa kuleta magonjwa. Hapo tansio, ugonjwa wa sukari na kupooza upande mumoja wa mwili vinakaribia. Mara nyingi vinapofika, familia inatafuta mulozi. Tansio ilikuwa inapanda miaka mingi bila kuuma popote.

Mwaka wa 1989, watafiti wawili wa Marekani, Jeffery Sobal na Albert Stunkard, walikusanya uchunguzi 144 juu ya jambo hili. Katika inchi tajiri, wanamuke maskini ndio walikuwa wanene zaidi. Katika inchi maskini ilikuwa kinyume: mali na kilo vilipanda pamoja. Hii ndiyo picha ambayo wengi hapa wangali nayo kichwani, tajiri munene na maskini mukondefu. Lakini mwaka wa 2004, Carlos Monteiro wa Brazil na wenzake waliangalia tena inchi zinazoendelea wakaona unene unahamia kwa maskini kadiri uchumi unavyopanda, na kwa wanamuke unahamia mapema kuliko kwa wanaume.

Sababu haziko mbali. Vita imesukuma wakulima wengi mujini. Jembe limebaki kijijini, na kwa muji mama anakaa nyuma ya meza ya kuuzia. Franga kidogo inanunua bugali, mikate ya kukaanga na chai ya sukari nyingi. Nyama na sambaza zikipatikana, sahani ya baba inajazwa kwanza, na mama anamalizia bugali na muchuzi wa mafuta. Kushiba kwa namna hiyo kunaongeza kilo bila kuongeza nguvu. Na kumuambia mama huyu kwamba ni muvivu ni kumutukana.

Kuna mambo serkali na vituo vya afya vinaweza kufanya bila kungojea amani. Mizani inapatikana karibu kila kituo, lakini inatumikia watoto na wanamama wa CPN. Mama akimaliza kuzaa, hakuna anayemupima tena mpaka siku anaanguka. Kupima kilo, kiuno na tansio ya kila mutu muzima anayeingia, hata kama amekuja kwa malaria, kunachukua dakika chache na hakupaswe kulipishwa. Na bwana aliyemusindikiza bibi yake, anayengojea inje kwenye benchi, aitwe naye apande kwenye mizani.