Oili Chafu Si Dawa

Mtu akizungumza juu ya mbwa mbele ya wazee wenzake hapa Maramba huchekwa. Nami nichekwe. Masika iliyopita nilimkuta jirani yangu, mtu mwenye heshima zake na asiyekosa swala, akimmwagia mbwa wake kopo zima la oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki, ati anamtibu upele. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole: "Mwalimu, hii ndiyo dawa yetu tangu zamani. Asipopona, basi huyo kalaaniwa." Makala haya ni jibu langu kwake na kwa wote wasemao kama yeye. Nayaandika kwa ukali kwa kuwa maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa na shamba la mahindi. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa tangu 1967, na kwetu shamba halikuwa pambo la kuonyesha wageni. Uji wa watoto ulitoka humo. Mchana walikuja ngedere, usiku nguruwe pori walishuka kutoka kwenye misitu ya Usambara ya Mashariki. Mlinzi wetu alikuwa mzee mwenye usingizi, lakini alikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Popi, na kwa hakika mlinzi alikuwa Popi.

Basi Popi akaanza kujikuna. Kwanza kingo za masikio, kisha viwiko, kisha tumbo, hata ngozi ikawa nene na ya kijivu kama ya tembo. Nikaagiza oili ya trekta, wavulana wawili wa darasa la sita wakampaka kutoka kichwa hadi mkia. Alijilamba usiku kucha. Kesho yake alitapika, akaacha kula, na siku ya nne tukamkuta amekufa chini ya mwembe. Niliwaambia wanafunzi mstarini kwamba ugonjwa ulikuwa umemzidi. Nao waliniamini, maana mwalimu mkuu hakosei! Mahindi ya upande wa mtoni hatukuyavuna mwaka ule.

Ndugu msomaji, tuitazame hiyo oili. Injini ikishaitumia, huwa imebeba masizi, chembe za vyuma na sumu zitokanazo na mafuta yaliyoungua. Ngozi iliyochubuka huzinyonya, na mbwa, ambaye hana taulo wala maji ya kuoga, hujisafisha kwa ulimi, kwa hiyo anazinywa pia. Wapo watakaosema kwamba wameona mbwa akipona. Nakubali kwamba mafuta mazito huweza kuua baadhi ya vidudu kwa kuviziba pumzi, na mbwa mwenye nguvu huweza kuiponyoka sumu. Lakini hata nyumba ikichomwa moto panya hufa.

Na huo upele si laana. Aghalabu ni kazi ya vidudu vya jamii ya utitiri, vidogo mno hata jicho haliwezi kuvitambua. Jike huchimba mfereji ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na siku chache baadaye mayai huanguliwa. Ndiyo maana dawa ya mara moja haitoshi: huua walio hai, mayai yakabaki, na baada ya majuma mawili mwenye mbwa analalamika kuwa dawa ni bandia. Upele huu humwasha hata mtu anayemshika mbwa, ingawa kwa mtu haudumu, huisha mbwa akishatibiwa. Nimewaona wazazi wakiwapaka watoto dawa mwezi mzima huku mbwa mwenye upele analala mlangoni.

Si kila muwasho ni upele, hata hivyo. Mbwa anayejitafuna mgongoni karibu na mkia, mtuhumiwe kiroboto kwanza. Kiroboto mmoja jike huweza kutaga mayai 40 hivi kwa siku, nayo hayakai juu ya mbwa. Huanguka mchangani, kwenye gunia analolalia, chini ya uchaga. Kumwogesha mbwa na kumrudisha kwenye gunia lile lile ni kufua shati na kulitandaza matopeni. Gunia lichomwe au lichemshwe, banda lifagiwe hadi pembeni, na taka zichomwe. Kupe nao watafutwe kwa vidole ndani ya masikio na katikati ya kucha. Hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu kukaa kibarazani robo saa.

Dawa ya upele ipo, tena kwa kiasi kikubwa ni ile tunayoogeshea ng'ombe. Yenye amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, zipimwe kwa bomba la sindano, si kwa kizibo wala kwa macho. Mbwa aogeshwe kwanza kwa sabuni, kisha alowanishwe kwa dawa, aachwe akauke bila kusuuzwa, alindwe asijilambe wala asinyeshewe, na dawa isimwingie machoni. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne na majike wenye mimba wasitiwe dawa hiyo. Tena dawa za josho si moja: nyingine kwa mbwa ni sumu, kwa hiyo kibandiko cha chupa kisomwe na bwana mifugo aulizwe. Huyo huyo ndiye apimaye sindano ya ivamektini kwa uzito wa mbwa, na kuirudia baada ya siku 14. Dawa hiyo chanzo chake ni kijidudu cha udongoni kilichopatikana Japani, na waliohusika kuigundua, Satoshi Omura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Wataalamu wa dunia wameuchukulia upele kwa uzito kuliko sisi wenye mbwa. Ama mwarobaini, siukatai. Lakini sitautegemea peke yake kumfuata mdudu aliyekwisha kuchimba nyumba chini ya ngozi.

Hapa huniletea hoja ya dini. Mimi pia ni Mwislamu wa mwambao, na najua chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini hukumu ya unajisi ni juu ya kujitwaharisha kwetu; haikuwa ruhusa ya kumtesa mnyama. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa katika Surat al-Kahf amenyoosha miguu kizingitini, na tumesoma habari ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Vaa glavu, mwogeshe, kisha nenda ukajitwaharishe.

Tena tuulizane anakula nini. Ugali wa dona mtupu mwaka mzima hauoti manyoya. Manyoya na ngozi vinahitaji protini na mafuta, na nafaka tupu huzuia hata madini ya zinki yasitumike vema mwilini, ngozi ikakauka na kutoa magamba. Vichwa vya dagaa, utumbo uliopikwa, mafuta kidogo ya kupikia, vyote hutupwa katika nyumba nyingi hapa. Tunasema mkono mtupu haulambwi, lakini mbwa wetu huulamba mtupu kila jioni na kwenda kukesha shambani.

Lawama hii naianzia nyumbani, yaani kwa walimu. Chuo cha ualimu kilinifundisha kufundisha habari za ng'ombe, mbuzi na kuku, nami nikazifundisha miaka yote bila kumtaja mbwa aliyelala kwenye kivuli cha darasa langu. Tangu 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na mbwa yumo. Ni wazazi wangapi waliokwisha kuisikia katika mkutano wa kijiji?

Jirani yangu hakunijibu siku ile, ila kopo aliliweka chini. Tulimwosha mbwa kwa sabuni ya vyombo mara tatu hadi maji yakaacha kuwa meusi, tukamfunga shuka kuukuu asijilambe, na siku ya pili tukampeleka kwa bwana mifugo. Alichomwa sindano ya kwanza, na baada ya siku 14 ya pili. Shingoni manyoya yameanza kurudi, mepesi kama ya kifaranga. Masikio bado, na jirani huniita kila Ijumaa baada ya swala niende nikayatazame.