Hivi "mystery" ni siri au ni fumbo?

Najua wiki hii kila mtu yuko kwenye msuli, majaribio yako mlangoni na bumu ndiyo kwanza halijulikani liko wapi. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu semina ya tafsiri ya juzi, nisipoliandika sitalala. Tulipewa sentensi za Kiingereza tuzigeuze, na moja ilikuwa na neno mystery. Karibu kundi zima likaandika "siri". Nikanyoosha mkono nikasema ni fumbo, wakaniona naleta ushairi.

Basi naendeleza ubishi hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Mystery ni fumbo. Siri ni siri. Na kuyachanganya haya mawili kunaumiza watu, nitafika huko. Vumilieni kwanza tuanzie mbali, Ugiriki.

Waingereza neno hili hawakulizaa. Walilipata kwa Kilatini, mysterium, na Walatini walilichukua kwa Wagiriki, mysterion. Wagiriki nao, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, walilitoa kwenye kitenzi chao myein. Unajua maana yake? Kufumba. Kufumba macho, kufumba mdomo. Mtu aliyekuwa anaingizwa kwenye ibada zao za faragha aliitwa mystes, na mambo aliyoyakuta mle ndani ndiyo mysteria.

Rudieni hapo taratibu jamani. Kufumba! Sisi tunasema fumba macho, fumba mdomo, fumba mkono, na kutoka kwenye kitenzi hicho hicho tukapata fumbo. Hakuna aliyemwazima mwenzake. Wagiriki kivyao na Waswahili kivyao, kila mmoja ameangalia kope za macho zinavyoshuka akatengeneza neno lile lile. Mimi nilipoliona hili nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa mezani akanitolea macho. (Na nyie wenye miwani kama mimi: lile neno myopia, ugonjwa wa kutoona mbali, nalo limetoka hapo hapo kwenye myein. Kwa sababu tukitaka kusoma ubaoni tunafumba macho nusu. Wagiriki walituona.)

Sasa hizo ibada zenyewe. Maarufu kuliko zote zilikuwa za Eleusis, mji mdogo kilomita ishirini hivi kutoka Athens. Walikuwa wakimheshimu Demeter, mama wa nafaka, na binti yake Persephone aliyechukuliwa kwenda kuzimu na kurudi. Kila mwaka, kwenye mwezi wao unaoangukia Septemba hivi, watu waliandamana kwa miguu kutoka Athens, wakafunga, wakanywa kinywaji cha shayiri, wakaingia usiku kwenye ukumbi mkubwa na kuonyeshwa vitu. Wanawake waliruhusiwa, watumwa waliruhusiwa, mradi unasikia Kigiriki na mikono yako haina damu ya mtu. Ukitoka ukaropoka, adhabu ni kifo. Mwaka 415 kabla ya Kristo mwanasiasa Alcibiades alishtakiwa kwamba ameziigiza ibada hizo kwa mzaha nyumbani kwa watu, akakimbia, akahukumiwa kufa hayupo. Mambo haya yaliendelea kwa karne nyingi mpaka mwisho wa karne ya 4 baada ya Kristo, na katika muda wote huo, kwa maelfu yote ya watu walioingia, hakuna aliyeacha maandishi yanayosema wazi walionyeshwa nini.

Hapo mwenzangu wa chumba, binti wa Tanga, akanishika pabaya. "Shoga, si unaona mwenyewe? Walikuwa wanaficha! Hiyo si siri hiyo?"

Swali zuri. Jibu langu ni hili. Kulikuwa na siri, ndiyo, siri ya kutokusema. Lakini siyo iliyowapeleka watu kule. Aristotle, kwa namna Synesius alivyomkariri karne nyingi baadaye, anasema waliokuwa wanaingizwa hawakwenda kujifunza jambo bali kupitia hali fulani. Maana yake hata mtu akikunong'oneza kila kilichofanyika, bado hujapata kitu, kwa sababu hukupita. Wenye hatua ya juu waliitwa epoptes, yaani aliyeona. Unaanza umefumba, unaishia umeona.

Na hapa Kiswahili kinawapita Wagiriki, nasema kwa kifua kabisa. Wao walihitaji maneno mawili yasiyo na undugu, sisi tunahitaji silabi moja. Kufumba, kufumbua. Ile ile kanuni ya funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, ambayo tuliikariri mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani tukaitupa. Ukitaja fumbo tayari umetaja kwamba linaweza kufumbuliwa, ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa. Tazama na jamaa zake. Kitendawili! Tega! Kinategwa, kinateguliwa. Jambo likitata, linatatuliwa. Wazee waliotengeneza lugha hii hawakuona kitu kilichofungwa bila kuona papo hapo kinavyofunguliwa.

Siri je? Siri imetoka kwa Kiarabu, sirr, na ni neno zuri tu, sina ugomvi nalo. Lakini angalia vitenzi inavyotembea navyo: siri hufichwa, hutunzwa, hutobolewa, huvuja. Yote hayo yanahitaji mtu. Siri ina mwenyewe! Kuna kichwa mahali fulani kinaijua na kimeamua wewe usiijue. Fumbo halihitaji mtu wa hivyo. Fumbo liko mbele ya macho yako, mchana kweupe, mkono umefumbwa na wewe unauona huo mkono. Ndiyo maana kanga inavaliwa barabarani na fumbo lake limeandikwa kwa herufi kubwa, kila mtu analisoma, na anayejua limemlenga nani ni jirani mmoja tu anayeuma meno. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Hakuna methali inayosema siri msirie mjinga.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Ukikutana na mystery jiulize: kuna mtu anayejua na anaficha? Kama yupo, andika siri. Kama hayupo, au kama kitu kiko wazi ila macho yetu ndiyo hayajafika, andika fumbo. Na yale ambayo binadamu hawezi kuyafikia kabisa, binti wa Tanga ananiambia kwao wanaita ghaibu, nami namkubalia, neno linajitegemea.

Watafsiri wakubwa nao wamegawanyika, msidhani ni ubishi wangu wa darasani. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, neno mysterion kwa Paulo inalitoa kwa kawaida kuwa "siri". Wakati huo huo 1 Wakorintho 13:12, ambapo Kigiriki kina neno jingine, ainigma, wao wakaweka "fumbo". Wakatoliki kwenye Misa wakachagua "fumbo la imani". Mimi kwa hili nawapa pointi Wakatoliki, na sisemi kwa udini, roho yangu inafuata kitenzi. Ingawa namwelewa Mprotestanti atakayenijibu kwamba kwa Paulo kuna Mwenyewe aliyejua na kuficha mpaka wakati ulipofika. Huyo kanijibu kwa kipimo changu mwenyewe, na hapo nanyamaza.

Kiingereza kina mystery nyingine pia, hii ipite haraka. Zamani Uingereza kijana akipelekwa kwa fundi, mkataba ungesema atafundishwa sanaa na mystery ya ufundi ule, useremala au uhunzi. Hiyo inatokana na ministerium ya Kilatini, yaani huduma, kazi, ikachakaa mpaka ikafanana na ile ya Kigiriki. Maneno mawili, sauti moja. Ukimwuliza fundi wetu yeyote hapa mtaani atakwambia ya kwake hiyo ndiyo siri hasa, siri ya kazi, na hafundishi bure.

Halafu kuna mystery ya vitabu, maiti imepatikana sebuleni na nani kaua. Agatha Christie alianza na hizo mwaka 1920. Sisi tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na Bwana Msa wake mwenye kiko, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Kinachonifurahisha ni jina la aina yenyewe. Waingereza wanaita riwaya hizo kwa jina la kitu kilichofungwa. Sisi tunaziita riwaya za upelelezi, kwa jina la anayekwenda kufungua. Na humo ndani hakika ni siri, maana muuaji anajua, yumo humo humo anakunywa kahawa na wenzake. Abdulla mwenyewe kitabu kimoja mwaka 1974 alikiita Siri ya Sifuri, akapatia.

Sifuri. Sasa nafika nilikosema inaumiza.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao waliopata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo ikatangazwa bungeni kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya. Yakapangwa. Ya dada hayakusogea.

Ninachokumbuka nyumbani si kelele, ni lile neno. Bibi alisema ni fumbo la Mungu. Baba mdogo akasema hapana, kuna siri kubwa, kuna watu wamefanya. Majirani wakija wanagawanyika hivyo hivyo, wa fumbo huku na wa siri kule, utadhani simba na yanga. Dada anamenya viazi, haongei.

Miaka yote hii nimekuwa nikigeuza maneno yale mawili, na leo nasema yote mawili hayakuwa sahihi. Shuleni kwao hakukuwa na mwalimu wa fizikia tangu kidato cha pili. Darasa lao lilikuwa na watoto wanaopokezana kitabu kimoja. Maabara ilikuwa chumba chenye mlango na kofuli, ndani kuna madawati mabovu. Haya hayakuwa siri, kila mzazi aliyekwenda kikao aliyaona. Wala hayakuwa fumbo, maana hapakuwa na cha kufumbua. Kitenzi kinachofaa kipo, tena ni cha ukoo ule ule: kufumbia macho. Fumba, ukiongeza ile -i- ya kutendea, unapata jambo lililo wazi kabisa ambalo watu wazima wameamua kulishushia kope.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kufeli kwa watoto wa shule za kata ni mystery, damu inanichemka, na nikisoma kwenye magazeti mtu amefariki "katika mazingira ya kutatanisha" nasimama hapo hapo. Yanamtatanisha nani? Mwandishi? Polisi? Au kuna mtu ambaye hayajamtatanisha hata kidogo, anajua kila kitu, na sisi tumemsaidia kwa kumchagulia neno laini? Bibi alitaka kumfariji mjukuu wake na neno fumbo, simlaumu, marehemu yule. Lakini neno lile lilimwondolea lawama kila mtu isipokuwa dada, kwa sababu Mungu halaumiwi, na aliyebaki chumbani ni yeye na viazi vyake.

Najua mtasema nimetoka Eleusis nimeishia kwenye siasa. Labda. Lakini miezi michache ijayo tunakwenda mazoezi ya kufundisha, sote tuliomo humu. Utasimama mbele ya watoto hamsini, sabini, na mmoja atakuuliza kwa nini mwezi hautuangukii, au kwa nini baba yake alikufa. Hilo la kwanza ni fumbo zuri, mwonyeshe mkono uliofumbwa na umsaidie kukunjua kidole kimoja kimoja. Usiligeuze siri kwa kumwambia "utajua mkifika kidato cha tano". Wapo walimu wanaofundisha hivyo, kana kwamba somo ni mali yao ya kabatini. Tumefundishwa na baadhi yao, nyuso zao mnazijua. Hilo la pili sijui nitamjibu nini. Angalau najua neno ambalo sitalitumia kabla sijauliza baba alikufaje.

Binti wa Tanga kasoma hadi hapa akasema nimezidisha chumvi kwa watafsiri wa 1952. Tutaendelea naye usiku.

Na nyie je? Kwa kilugha cha kwenu, neno la fumbo limetoka kwenye kufumba, kufunga, kufunika au kuficha? Wahaya, Wanyakyusa, Wachaga, Wasukuma wa huku nawafahamu mko kibao, ulizeni nyumbani wikiendi hii mje mniambie. Nataka hasa kujua kama lenu nalo lina njia ya kufumbuka.