Acheni Kuisingizia Presha

Mama akishika meza ya dagaa ghafla sokoni Mwanga, Kigoma, na kufumba macho, hukumu hutoka kabla hajayafumbua: "Presha hiyo!" Mmoja anakimbilia soda, mwingine anasema damu imepungua, wa tatu anafungua mkoba, anatoa kidonge chake mwenyewe cha presha na kumpa. Wanafanya hivyo kwa huruma, sina shaka. Lakini imani iliyo nyuma ya huruma hiyo inaumiza watu, na wengine inawaua.

Presha iliyopanda mara nyingi haina dalili. Haiumi, haizungushi nyumba, haimnyimi mtu usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Mtu aliyeaminishwa kwamba presha hujitangaza kwa kizunguzungu atameza dawa siku anapoyumba na kuziacha siku anapojisikia vizuri, mpaka kiharusi kimkute. Na yuko bibi ambaye presha yake haina tatizo lolote, ila kila akiyumba anapewa kidonge cha jirani. Kidonge kinamshusha presha kweli. Usiku anainuka kwenda chooni, macho yanaingia giza, anaanguka, nyonga inavunjika. Nani atasema bibi huyo aliangushwa na dawa?

Msikilizeni kwanza mwenye kizunguzungu anavyoeleza. "Nikijigeuza kitandani, nyumba inazunguka." "Nikiinua uso kuanua nguo kambani, nataka kuanguka." Hali hiyo haimalizi hata dakika moja, inatulia, kisha inarudi akijigeuza tena. Presha haijali umelalia ubavu gani. Sikio la ndani ndilo linalojali.

Humo ndani mna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayofanya kazi kama pima maji ya fundi mwashi: inauarifu ubongo kichwa kinageukia wapi. Jirani na mifereji hiyo kuna chembechembe ndogo mno za chokaa, zilizonata mahali pake. Umri ukisogea, au kichwa kikigongwa, kama inavyowapata wanaoanguka na bodaboda, baadhi ya chembe hubanduka na kuingia mferejini. Tangu hapo, kila kichwa kinapogeuka, chembe zinaporomoka na kusukuma majimaji, na ubongo unapelekewa habari ya uongo kwamba mwili unazunguka.

Kidonge gani kitazitoa chembe hizo? Hakuna. Zinatolewa kwa kugeuza kichwa. Mgonjwa anakaa kitandani, uso ukielekezwa nusu ya njia kwenye bega la upande unaougua, kisha analazwa chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Hapo mtaalamu anayatazama macho. Yenyewe huanza kuchezacheza bila mgonjwa kuyachezesha, na ndiyo yanayothibitisha ugonjwa. Anasubiri kama nusu dakika, mpaka yatulie. Anakigeuza kichwa upande wa pili, anasubiri. Anamlaza mgonjwa ubavu, uso ukitazama sakafu, anasubiri tena, halafu anamkalisha. Chembe zimezungushwa mpaka zimetoka mferejini. Hakuna mashine, hakuna sindano, na wagonjwa wengi, kama wanane katika kila kumi, hupata nafuu baada ya kufanyiwa hivyo mara moja au mara chache.

Si jambo jipya. Kipimo hicho cha kumlaza mgonjwa na kutazama macho kilielezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike huko London mwaka 1952. Tiba yenyewe ilichapishwa mwaka 1992 na daktari wa Marekani, John Epley, baada ya miaka ya kuchekwa na madaktari wenzake walioona haiwezekani ugonjwa wa kutisha namna hiyo ukaponywa kwa kulazwa na kugeuzwa. Kicheko hicho hicho nakisikia Kigoma: dawa gani hiyo ya kugeuzwa shingo? Anayecheka yuko radhi kutumia fedha za mwezi mzima kununua vidonge, au kumpeleka mama yake kupunga majini.

Wapo pia wanaoambiwa, "Lala, usitikise kichwa." Kwa siku ya kwanza ya kutapika, sawa. Kuendelea kulala wiki nzima ni kujilemaza. Vidonge kama sinarizini, vinavyouzwa maduka ya dawa, hutuliza kichefuchefu, lakini vikimezwa miezi na miezi vinauchelewesha ubongo kujifunza upya kusimama wima. Waliodhurika sikio kwa sababu nyingine, kama sindano za streptomaisini za kifua kikuu, nao wana mazoezi yao ya macho, kichwa na kutembea. Mazoezi hayo yalianzishwa na Cawthorne na Cooksey, Uingereza, katika miaka ya 1940. Yote hayo ni fiziotherapia, maana fiziotherapia si kukanda miguu ya waliopooza tu.

Yako mambo yasiyosubiri. Kizunguzungu kikija na mdomo kupinda, maneno kukwama, kuona viwili viwili, mkono kulegea au kushindwa kabisa kutembea, hicho huenda ni kiharusi: mkimbizeni Hospitali ya Maweni saa hiyo hiyo. Na mwenye jeraha la shingo asigeuzwe na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari.

Kwa waganga na wauguzi wa zahanati zetu, Mwanga, Ujiji mpaka vijiji vya mwambao: mgonjwa akisema nyumba inazunguka, mpimeni presha, kwa sababu kila mtu mzima anastahili kupimwa. Ikiwa sawa, msimfungie vidonge. Mwulizeni akijigeuza kitandani inakuwaje, mlazeni, myatazame macho yake. Nawe msomaji, kidonge chako cha presha kimeze mwenyewe, kila siku uliyoambiwa, hata ukijisikia mzima. Usimgawie mtu.