Mikoko ya Ras Kitau: Hima ya Nani?

Tuliondoka Shela mara baada ya Sala ya Alfajiri, mimi na mzee mmoja mwenye mashua, mwezi wa kumi na sita ukiwa karibu kuzama na bahari imejaa mpaka ukingoni. "Yeo mai ni bamvua," aliniambia mzee. "Tukichelewa, mwanangu, tutalala topeni."

Mbele yetu, ng'ambo ya mkondo, ilikuwa Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Msafiri anayeitazama kutoka barazani Shela huona mchanga mweupe, minazi na nyumba za fahari, akadhani amekwisha kuiona. Lakini ukiizunguka na kuingia katika mkono wa bahari uendao Takwa, hapo ndipo unapokutana na Manda yenyewe. Mikoko imesimama pande zote mbili, mizizi yake ikining'inia majini kama vidole vya mtu anayetawadha.

Mzee alizima mashine akashika pondo. Alikuwa mkata boriti tangu ujana wake, na miti aliijua kwa majina kama mwalimu anavyojua watoto wa chuo chake: huu mkoko, ule mchu, kule mbele mlilana unaotangulia baharini, na nyuma, penye tope gumu, mkandaa. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakihesabu kwa korija, yaani miti ishirini ishirini: fito, pau, boriti, nguzo, kila mmoja na unene wake. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za Amu na Mombasa, na majahazi yakazipeleka Uarabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba. Mjenzi hakuweza kupanua chumba kupita urefu wa boriti. Basi ndugu msomaji, hata umbo la chumba ulichozaliwa liliamuliwa na mti huu wa topeni.

Kufika saa mbili maji yakaanza kutukimbia, na yale aliyoyaonya mzee yakatupata. Mashua ikakaa juu ya tope. Sikujuta. Maji yanapokupwa ndipo dunia ile inapoamka. Kaa wenye gando moja jekundu walitoka mashimoni kwa maelfu, wengine wakiburura majani ya mkoko kuyaingiza chini, na kwa kazi yao hiyo tope hupata rutuba. Yangeyange walijipanga. Mdiria alipita kama mshale wa buluu. Kisha wakaja ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, wakawavamia wale kaa kwa vishindo. Hawa hawazaliwi kwetu. Huzaa katika visiwa vya mchanga vya Uarabuni na Ghuba, na kinyume cha ndege wenzao wa pwani huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja ndani yake. Kaskazi huwakuta kwetu, na majira ya joto ya huko huwakuta kwao. Njia yao ni ile ile ya majahazi. Majahazi yamekwisha, wao wangali wanasafiri.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Mikoko ya Kenya ni hekta elfu 61 hivi, na katika hizo takriban elfu 37 ziko Lamu. Kisheria yote ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, wakati wa Mwingereza. Mwaka 1982 serikali ilikataza kuuza boriti nchi za nje. Februari 2018 ikaja marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, na mkata mikoko wa Amu akajikuta katika kapu moja na wenye misumeno ya Mau.

Sisemi kwamba mkata boriti ni malaika. Matanuri ya chokaa yamekula kuni nyingi za mikoko, na mzee mwenyewe alinionyesha mahali palipokatwa bila huruma pakabaki tope tupu lililokauka. Mti ukiondoka, kamba na samaki wachanga wanaojificha mizizini hukosa pa kukulia, na mvuvi wa mbali hurudi na wavu mtupu bila kujua sababu. Hifadhi ni lazima. Swali langu ni jingine.

Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walizindua mradi wa bandari mpya upande wa kaskazini wa Manda, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Ili meli kubwa ziingie, bahari ilichimbwa na mikoko ikafyekwa. Wavuvi walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwamo haki ya mazingira safi na ya utamaduni wao, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ilifuatiwa na rufani na mazungumzo ya miaka. Basi angalia: mwaka ule ule mmoja, mwenye shoka aliambiwa mti ni amana ya taifa asiuguse, na mahakama ikathibitisha kwamba mwenye mtambo alipita bila kuwauliza wenye bahari.

Sisi Waislamu jambo la hifadhi si geni kwetu, wala hatukufundishwa na mgeni. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na akaitenga Naqii kuwa hima, malisho yaliyolindwa. Sayyidna Umar (R.A.) alipoweka mlinzi wa hima ya Rabadha alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya akina Ibn Awf na Ibn Affan. Nao hawakuwa watu wabaya, ni masahaba wakubwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende ya kurejea, ama maskini atakuja mlangoni na watoto wake akilia. Nilipoisoma habari hii ujanani niliipita haraka. Topeni pale Manda ilinirudia.

Kwani kwetu hima imegeuzwa kichwa chini. Maji yaliporudi alasiri tulitoka, tukataka kuswali mchangani huko Ras Kitau kabla ya kuvuka. Mlinzi wa nyumba moja akatupigia ukelele kwamba pale ni pa watu binafsi. Kijana wa watu, anatafuta riziki yake, simlaumu. Lakini Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mzee hakubishana. Alinitazama, akasema, "Hapa nikitoa ng'onda kuanika wakati wa babangu," kisha akakunja mkeka aliokuwa ameanza kuutandika.

Nilimwuliza kama yeye angekuwa mlinzi wa msitu angefanyaje. Akafikiri kwa muda mrefu, mashua ikisukwa na mkondo.

"Ningewapa watu wa Shela, na Matondoni, na Pate, kila muyi na mkono wake wa bahari," alisema. "Mtu hakati mti wa mwanawe."

"Na wakikata?"

"Watakata kidogo. Si kama walivyokata wale."

Tuliswali mashuani, kwa kukaa, mkondo ukituvuta kuelekea Shela. Wale ndege weupe walikuwa wamehamia kwenye ukanda wa mwisho wa mchanga uliobaki juu ya maji.