Umeme wa Haki Hauishii Kwenye Taa Moja

Kijana akihitimu masomo ya kompyuta siku hizi, jamaa humwuliza ataajiriwa wapi na kwa mshahara gani. Swali hilo si baya, ila liko jingine linalopaswa kutangulia: elimu hiyo itamfaa nani?

Safari ya Dkt. Rose Mutiso, Mkenya, inatusaidia kulijibu. Alisomea uhandisi katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Huko alitumia kompyuta kukadiria jinsi nyuzi za madini ya fedha, nyembamba mno kuliko unywele, zinavyopitisha umeme katika utando unaopenya mwanga. Utando wa aina hiyo hutumika kwenye skrini za simu na baadhi ya paneli za jua.

Angeweza kubaki maabara. Badala yake aliingia katika sera za nishati, na mwaka 2017 akashiriki kuanzisha Taasisi ya Mawazo, Nairobi, inayowasaidia watafiti wanawake wa Afrika. Pia aliwahi kuwa mkurugenzi wa utafiti wa Energy for Growth Hub.

Shirika hilo linapendekeza kila mtu apate angalau kilowati-saa 1,000 za umeme kwa mwaka: 300 nyumbani na 700 nje ya nyumba, yaani viwandani, shuleni, hospitalini na kwingineko. Naiunga mkono hesabu hiyo. Mara nyingi tunaambiwa kijiji kimepata umeme pindi nyumba zinapowasha taa na kuchaji simu. Paneli ya taa ni msaada, lakini haisagi mahindi wala haimpi kazi fundi wa kuchomelea.

Wapo wanaosema Afrika ijibane, isichafue hewa. Lakini nchi zilizo kusini mwa Sahara, ukiiacha Afrika Kusini, zimechangia chini ya asilimia 1 ya hewa ya ukaa iliyotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe tangu zamani. Aliyekula ng'ombe mzima hawezi kumkaripia aliyeonja mchuzi.

Hata hivyo, tusidhani nishati jadidifu ni ya haki kwa sababu tu ni safi. Huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria, katika kesi iliyofunguliwa na wenyeji. Upepo haukuwa na kosa. Kilicholalamikiwa ni namna ardhi ya wafugaji ilivyochukuliwa.

Kompyuta inaweza kukokotoa mahali pa kusimika mitambo kwa gharama nafuu. Kuamua nani asikilizwe kabla ya kuisimika ni kazi yetu. Kwa hiyo vyuo vyetu viwapeleke wanafunzi wa kompyuta vijijini wakiwa bado masomoni. Wakae na wasaga nafaka, wauguzi na wafugaji, wawaulize wanahitaji umeme kiasi gani, saa ngapi na kwa kazi ipi, ndipo waanze kupiga hesabu zao.