Maji Hayakosi Lugha: Istilahi za Uhandisi na Wajibu wa Wanakiswahili

Madai kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba sayansi yangali yanasikika hata vyuoni. Makala haya yanayapinga kwa mfano mmoja: utayarishaji wa michoro ya kompyuta kwa ajili ya uigaji wa mtiririko wa maji.

Tuchukue kituo cha umeme cha Gitaru katika Mto Tana, mpakani mwa Embu na Machakos, kilichoanza kazi mwaka 1978 na ambacho sasa kina uwezo wa megawati 225. Mhandisi atakaye kujua jinsi maji yapitavyo katika tabo, yaani gurudumu lizungushwalo na maji, hawezi kuutumia mchoro wa kiwandani jinsi ulivyo. Kwanza, huondoa visivyoathiri mtiririko, kama vile parafujo ndogo na maandishi. Pili, huziba kila mwanya, kwani mchoro unaovuja hauna ndani wala nje. Tatu, hukiondoa chuma na kuibakiza nafasi ijazwayo na maji, maana kinachochunguzwa ni maji. Hatimaye huonyesha maji yaingiapo na yatokapo, kisha huigawa nafasi hiyo kwa wavu, wenye matundu madogo zaidi karibu na kuta ambako kasi hubadilika upesi.

Je, ni dhana gani hapo iliyokosa neno? Mkulima wa Meru ateremshaye maji ya Mlima Kenya kwa mfereji huziba, hufungulia na kuelekeza. Mvuvi wa pwani naye ajua kwamba wavu wa matundu madogo hunasa mengi lakini ni mzito kuuvuta. Wa mhandisi ni vivyo hivyo: hunasa ukweli zaidi, ila huichosha kompyuta. Kuuita "meshi" ni kuyatupa maarifa hayo.

Wapo watakaosema kwamba programu zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli; lakini matokeo yake humfikia fundi wa bomba na mkulima, nao wana haki ya kuelezwa wakaelewa, na hata kuhoji.

Njia imekwisha kufyekwa. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Kilichobaki ni wanafunzi wa Kiswahili na wa uhandisi, wa Meru, Embu na kwingineko, kuketi pamoja na kuunda istilahi kabla ya kuzikopa. Haba na haba hujaza kibaba.