Kipaji Hakilipi Nauli

Shule ya Kebirigo, hapa Nyamira, au ya viunga vyake ikifuzu katika tamasha za drama, maneno huwa yale yale. Mwalimu mkuu atasema mbele ya gwaride kwamba siku hizi kipaji ni kazi. Mheshimiwa akialikwa ataongeza kwamba serikali imeliona hilo, ndiyo maana mwaka 2023 ikaja na mpango ikauita Talanta Hela. Wazazi watapiga makofi. Na yule kijana aliyeimba huku akicheza bila kuhema ataondoka pale akiamini amebakiza mambo mawili tu: kumaliza masomo na kupanda matatu ya Nairobi.

Kijana huyo amedanganywa, na waliomdanganya wana mishahara.

Kipaji anacho, tena cha kumwaga. Densi bunifu ya shule, inayosimulia kisa kizima kwa nyimbo, miondoko na maigizo ndani ya dakika chache, ni tamthilia ya muziki iliyobanwa tu. Anayeimudu kwenye nyasi za uwanja wa shule, bila kipaza sauti, vumbi likimpanda puani, ana pumzi ambayo wengi hulipa karo kuitafuta. Tamasha hizi zimedumu tangu 1959, na sidhani kuna kampuni ya maigizo nchini inayozifikia kwa wingi wa waigizaji wala wa watazamaji. Lakini tazama anayelipwa. Hulipwa mtunzi wa mswada na mkufunzi anayekodiwa kutoka nje. Mwanafunzi hupewa cheti. Onyesho lenyewe huchezwa katika kaunti ndogo, kaunti, eneo la Nyanza, taifa, na likibahatika mbele ya Rais. Kufikia mwisho wa Aprili limekwisha kufa, na mavazi yamerudishwa stoo.

Baada ya Kidato cha Nne ndipo hesabu huanza. Tukisie moja. Waimbaji na wachezaji 20, wapiga ala 6, mazoezi ya wiki 6. Ukumbi una viti 300, tiketi ni shilingi 1,000, na watu wamejaa pomoni kwa siku 3. Hizo ni shilingi 900,000. Toa nusu kwa ukumbi, taa, vyombo vya sauti, mavazi na matangazo. Zinabaki 450,000 kwa watu 26, yaani shilingi 17,000 na ushei kwa kila mmoja, kwa kazi ya zaidi ya wiki 6. Mtunzi na mwelekezi bado hawajaguswa. Sasa chukua vichekesho vya waigizaji 5 na sofa moja: pesa hizo hizo zinampa kila mtu 90,000. Ukishangaa kwa nini Nairobi vichekesho vya sebuleni haviishi na tamthilia za muziki huonekana mara moja moja kama mgeni wa Krismasi, jibu ni hilo.

Kipaji hakimo katika hesabu hiyo. Kilichomo ni idadi ya usiku ambao onyesho litauzwa. Tamthilia ya muziki ya The Lion King, yenye akina Simba na Rafiki waliobatizwa kwa Kiswahili chetu, iko Broadway tangu 1997 na London tangu 1999, maonyesho manane kwa wiki. Muimbaji wa safu ya nyuma kule New York analindwa na chama cha waigizaji kilichoundwa 1913, chenye mkataba wa mshahara wa chini. Hajamzidi kijana wetu sauti. Amemzidi Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Hapa kwetu, mwanamuziki Eric Wainaina amesomea muziki Berklee, kule Boston, na ana jina ambalo Mkenya yeyote analijua. Hata hivyo tamthilia yake ya muziki, Mo Faya, ilienda New York mwaka 2009 kwa tamasha la tamthilia za muziki, na Tinga Tinga Tales ikaenda huko huko mwaka 2018. Ikiwa mtu wa kimo hicho anafuata majukwaa ng'ambo ya bahari, huyu wa Kebirigo mwenye cheti cha tamasha tunamwambia nini?

Na serikali inayoimba Talanta Hela? Mwaka 1982 Maitũ Njugĩra, tamthilia iliyojaa nyimbo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ilinyimwa kibali, na ukumbi wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Wengine watasema hayo ni ya zamani. Aprili 2025, kule Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi kwenye tamasha za shule, mtunzi wa mchezo wa Echoes of War akakamatwa, na wasichana wa Shule ya Butere waliokuwa wauigize wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Mwenye pesa zake akitazama hayo, atajenga nyumba za kupangisha.

Nasikia mtu akinitajia mwanamuziki Embarambamba. Au Nyambane wa kundi la vichekesho la Redykyulass. Haya. Embarambamba alijijengea jina YouTube kwa vituko vyake mwenyewe, na simu ya mtu mmoja haibebi kwaya, wachezaji na bendi. Nyambane, pamoja na umaarufu wote ule, aliishia redioni na kwenye siasa. Wawili hao wanathibitisha kwamba njia za pembeni zipo. Ajira ya jukwaani hawaithibitishi.

Mkulima wa hapa anaelewa jambo hili kuliko mheshimiwa. Majani ya chai yaliyochumwa asubuhi hayawi pesa kwa sababu ni mabichi na mazuri. Yanakuwa pesa kwa sababu Kebirigo kuna kiwanda, kuna lori, kuna mnunuzi. Kiwanda kikifungwa, hakuna atakayemwambia mkulima kwamba hakuwa na bidii. Muigizaji akirudi kutoka Nairobi mikono mitupu, hilo ndilo la kwanza kuambiwa. Ndiyo sababu naichukia imani hii ya kipaji kujilipa: lawama yote humwangukia asiye na uwezo wa kujenga kiwanda.

Sasa kuna mkondo wa Sanaa na Michezo katika shule za upili za juu, na Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026. Mtoto atakayesoma muziki, densi na maigizo atatoka na ujuzi. Atauza wapi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limekabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Basi Nyamira na Kisii zinaweza kuajiri kundi moja kwa pamoja, la mwaka mzima na si la siku ya sherehe, litakalocheza onyesho lile lile kwenye mabwalo ya shule na kumbi za makanisa kutoka Kebirigo hadi Ogembo, tiketi ikiwa ya bei ambayo mchuma chai anaimudu. Obokano, ala yetu ya Kigusii, na nyuzi zake nane ingepata kiti chake kwenye bendi.

Mheshimiwa akija tena kugawa vyeti, aulizwe mbele ya wanafunzi: mwaka huu kaunti itanunua maonyesho mangapi, na kila muigizaji atalipwa shilingi ngapi?